Nimeomba Bunduki, Nikapewa Madhehebu

Huku Pennsylvania ukitaka kumjua mtu usimuulize dini yake wala chama anachokipigia kura. Muulize ni bunduki gani ya kiwandani inayomfaa mtu anayekwenda kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza, kisha tafuta pa kukaa, maana hutaondoka leo. Mimi niliuliza kwa nia njema kabisa, wakati wa mapumziko ya chai pale ghalani tunapofanya kazi, karibu na Lancaster. Tangu hapo sijapata amani. Kumbe nilikuwa nimeomba kubatizwa, na wachungaji wakawa wengi kuliko waumini.

Sababu ya kuuliza ilikuwa nyepesi. Kila mwaka, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa, na zamu yetu inabaki na wahamiaji watupu. Zamani ulifunguliwa Jumatatu, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo ili watoto waende porini na baba zao. Mwaka 2019 wakausogeza hadi Jumamosi, na bado ziko shule zinazofunga Jumatatu, nadhani walimu nao wana bunduki. Sisi tunaobaki tunabeba mizigo yetu na yao. Wakirudi wanatugawia vipande vya nyama iliyokaushwa na hadithi ambazo hatukuziomba. Nikasema safari hii mizigo yangu ataibeba mwingine.

Mambo mengine yote yalikwenda bila ubishi. Nilisoma darasa la lazima la wawindaji wapya nikafaulu. Nikalipia leseni, ambayo kwa mkazi wa jimbo haifiki hata dola 25, bei ya sahani mbili za pilau mjini. Nikanunua kizibao na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka, kwa sababu sheria inataka inchi za mraba 250 za rangi hiyo zionekane kichwani, kifuani na mgongoni, ili mwenzako asikudhanie kitoweo. Hakuna aliyebishana nami kuhusu kizibao. Ubishi wote ulikuwa umehifadhiwa kwa ajili ya bunduki.

Wa kwanza kunihubiria alikuwa msimamizi wetu wa zamu, mzee ambaye kwa kawaida hasemi nami zaidi ya kuniamuru nisogeze kitu. Akanivuta pembeni, akaniambia bunduki duniani ni moja, Winchester Model 70, tena iliyotengenezwa kabla ya 1964. Nikashtuka. Kwa Mtanzania 1964 ni Mapinduzi ya Zanzibar mwezi wa Januari na Muungano mwezi wa Aprili, na kwa dakika nzima nilimpenda yule mzee kwa kuijua historia yetu. Hapana. Kwake yeye 1964 ni mwaka ambao kiwanda cha New Haven, Connecticut, kiliamua kupunguza gharama za bunduki iliyokuwa sokoni tangu 1936, kikaondoa ukucha mrefu uliokuwa ubavuni mwa komeo. Anautaja mwaka huo kwa sauti ya msibani. Nilipomwambia nimesoma kwamba ukucha ulirudishwa miaka ya 1990, akanijibu kwamba ulirudi bila roho yake.

Nieleze huo ukucha, maana nimelazimishwa kuujua. Bunduki ya komeo ni ile unayoinua mkono wa komeo, ukavuta nyuma ganda lililotumika likaruka nje, ukasukuma mbele risasi mpya ikaingia. Mjerumani Paul Mauser, katika bunduki yake ya 1898, aliweka ukucha wa chuma unaoikamata risasi makalioni tangu inapotoka kwenye magazini, hauiachii mpaka iwe ganda tupu la kutupwa. Ukisukuma nusu ukaghairi, risasi inarudi nyuma nao. Bunduki nyingi za siku hizi huisukuma risasi ikiwa huru na kuikamata komeo linapofunga. Tofauti ni kwamba mtu aliyebabaika, akasukuma nusu, akavuta, akasukuma tena, anaweza kukwamisha risasi mbili kwa mpigo kwenye bunduki isiyo na ukucha. Mbele ya nyati hilo ni jambo la kufa na kupona, na ndiyo maana wanaoongoza wageni kuwinda wanyama wakubwa kule kwetu Tanzania bado wanaushikilia ukucha wa Mauser. Hoja nzito, naikubali. Ila kulungu wa Pennsylvania hajulikani kwa kumgeukia mtu. Silaha yake ni kukuonyesha mkia mweupe na kuondoka. Nilimwambia msimamizi hivyo. Wiki iliyofuata nikapangiwa zamu ya usiku, labda ni sadfa tu.

Zamu ya usiku nikamkuta dereva wa foklifti, wa dhehebu la Remington 700. Bunduki hii ilitoka 1962, na mwili wake ni bomba la mviringo linalokerezwa kwa mashine, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuitengeneza, tena ikapiga vizuri kiasi kwamba jeshi la Marine liliwapa wadunguaji wake wakati wa vita vya Vietnam. Yote hayo aliniambia huku foklifti ikinguruma na godoro la mtu likining'inia hewani. Ambayo hakuniambia nilijisomea mwenyewe nyumbani. Kwa miaka mingi wamiliki walilalamika kwamba bunduki hizo zilikuwa zikifyatuka kidole kikiwa mbali, nyingine pale tu mtu alipoondoa kizuizi cha usalama. Kesi zikarundikana. Mwaka 2010 televisheni ya CNBC ikalitengenezea filamu jambo hilo. Mwaka 2014 kampuni ikaziita zirudi zile zenye kifyatulio kilichokuja kukirithi cha zamani, na baadaye mapatano ya mahakamani, yaliyogusa bunduki zipatazo milioni 7.5, yakawapa wengi wa wenye nazo haki ya kubadilishiwa kifyatulio bure. Kampuni haikukubali kamwe kuwa ilitengeneza kitu kibovu. Ilifilisika 2018, ikafilisika tena 2020, na mwaka 2024 kiwanda cha Ilion, New York, eneo ilikozaliwa 1816, kikafungwa.

Nilipomtajia dereva habari hizo akasema ya kwake haijawahi kumfanyia hivyo. Ndivyo wanavyosema wote wenye kitu ambacho hakijawaumiza bado.

Hapo mke wangu akaingilia. Yeye ni mtu wa Tanga, na hana habari na komeo wala ukucha. Swali lake lilikuwa moja: nani atakayemchinja huyo kulungu? Nikampigia imamu wa msikiti wetu, mtu mwenye subira kuliko wote ninaowajua. Akasema unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta mnyama bado yu hai, unamchinja. Nikashukuru, nikakata simu, kisha nikaanza kuwaza. Ikiwa jina linatajwa wakati wa kufyatua, basi bunduki inayofyatuka kabla sijamaliza bismillahi haivunji usalama peke yake, inaharibu na kitoweo. Nikawa nimepata kipimo changu cha bunduki ya kuaminika, na sikukipata kwa mzee yeyote wa ghalani: ilie ninapoiambia, inyamaze nisipoiambia. Mengine yote ni mapambo.

Sasa jaribu kumpelekea mtu kipimo hicho. Nilimpelekea kijana wa kitengo cha kompyuta, ambaye ana Tikka kutoka Finland, inayotengenezwa mjini Riihimäki kwenye kiwanda kimoja na bunduki za Sako. Komeo lake linateleza hata ukilisukuma kwa kidole kimoja, hilo sikatai, nimeligusa. Lakini kijana hakutaka kuzungumzia komeo. Alitaka kunionyesha picha. Ana picha kwenye simu, si za watoto wake, ni za karatasi zenye matundu matatu yaliyogusana. Kipimo chao ni inchi moja kwa yadi 100, yaani risasi zote ziangukie ndani ya sentimita mbili na nusu ukiwa mita 91, na yake hupata chini ya hapo. Akaniuliza kwa huruma kama niko tayari kununua bunduki ya inchi moja na nusu.

Niko tayari, tena kwa furaha. Moyo na mapafu ya kulungu vinakaa kwenye eneo la upana wa inchi 8 hivi, ndiyo maana watu hawa hawa hufanya mazoezi kwa kulenga sahani za karatasi za pikiniki. Misitu ya huku imefungana, na mara nyingi mti unakuzuia kuona kabla hata ya hizo yadi 100. Sijasikia kulungu hata mmoja aliyeokolewa na nusu inchi ya kiwanda. Wanaopona wanaokolewa na mpigaji anayetetemeka kwa baridi, anayehema kwa kupanda mlima, ambaye tangu mwaka jana hajapiga hata risasi moja kwa sababu kasha la risasi 20 siku hizi laweza kufika dola 40. Kijana akaniambia sielewi. Kweli, sielewi kwa nini mtu apige mezani, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, yeye ameketi kitini, halafu aniambie kuhusu porini.

Na hili nalisema bila kificho hata kama litaniletea maneno: bunduki ya bei nafuu ya leo inapiga vizuri kuliko aliyeinunua. Savage wana sehemu yao katika fadhila hiyo. Model 110 yao ilitoka 1958, na mtutu wake unafungwa kwenye mwili kwa nati kubwa inayoonekana wazi shingoni, kitu kibaya cha kutazama. Lakini nati hiyo inamwezesha mfanyakazi wa kiwandani kuupanga mtutu mahali pake hasa bila kuajiri fundi bingwa wa kukwangua chuma siku nzima. Kampuni ilipofilisika 1988, ilitupa karibu kila kitu ikabaki na bunduki hiyo hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaitia kifyatulio ambacho mwenyewe unaweza kukilegeza au kukikaza, chenye ulimi mdogo katikati usioruhusu kifyatuke kwa mtikisiko. Wengine wakalazimika kufuata. Ndiyo maana leo unaweza kuingia dukani na kutoka na Savage au Ruger American ya kitako cha plastiki, ukalipa fungu dogo tu la bei ya bunduki ya babu zao, na sahani yako ya karatasi haitaona tofauti. Wa madhehebu ya 1964 wakiiona ile nati hugeuza uso.

Kitako cha plastiki nacho kilinipatia mahubiri yake. Kuna bwana wa mapokezi asiyetaka kusikia habari zake. Yeye ni wa mbao ya mjozi iliyopakwa mafuta, yenye mishipa inayong'aa. Ni nzuri, jamani. Nimeishika nikatamani kuilaza sebuleni. Lakini mbao hunywa unyevu, ikinywa inavimba, ikivimba inausukuma mtutu, na bunduki uliyoilenga vizuri mwezi wa Septemba inapiga kwingine mwezi wa Desemba. Plastiki haina sura, haina mishipa, na haijali mvua. Bwana wa mapokezi akaniambia mtu hamrithishi mwanawe plastiki. Mwanangu nilimuuliza anataka kurithi nini; akasema simu.

Nilidhani nikishachagua bunduki ubishi utakwisha. Hapo ndipo walipoanza kuuliza inapiga risasi gani. Mungu nisaidie. .30-06 ni risasi ya jeshi la Marekani ya 1906, ndiyo maana ikabeba mwaka wake jinani, na wazee wanaona baada yake hakukuwa na haja ya kubuni kitu. .270 ilizaliwa humo humo, 1925, ganda la ukoo wa .30-06 lililobanwa shingo. Mwandishi Jack O'Connor aliisifu miaka nenda miaka rudi katika jarida la Outdoor Life, huku Elmer Keith, mwandishi mwenzake aliyeamini risasi kubwa na nzito, akimpinga kwa maandishi, na wote wawili walikufa bila kukubaliana. Wafuasi wao wako kwenye kantini yetu. Kisha 2007 ikaja 6.5 Creedmoor, risasi ya vijana, inayopiga bega kwa upole na kufika mbali, na wazee wakaichukia kwa sababu hizo hizo mbili. Kulungu anayekufa kwa .30-06 anakufa pia kwa .270, na kwa .308, na kwa 6.5, na kwa ile .30-30 ambayo imekuwa ikiwaua tangu karne ya kumi na tisa. Hakuna aliyerudi kulalamika kuhusu namba.

Katika jambo hili hata Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na niliutoa mezani. Mskoti W. D. M. Bell, waliyempa jina la Karamojo kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7, wakati wenzake wakibeba mizinga ya kuvunja bega. Siri yake ilikuwa kuyapasua mafuvu ya tembo akaujua ubongo umekaa wapi, akitazamwa kutoka mbele, kutoka ubavuni na hata kutoka nyuma. Simsifu, tembo wale walikuwa wetu. Ila nikauliza: mtu aliyeangusha tembo kwa risasi hiyo, angehitaji kubwa kiasi gani kwa mnyama mwenye uzito wa mwanamke wa makamo? Kantini ikanyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Huyo Bell, bunduki yake ilikuwa na ukucha?" Ilikuwa nao. Ilijengwa juu ya Mauser. Msimamizi wa zamu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jirani yangu hakuwa na haja ya Bell. Yeye ana Remington ya kuvuta, ile ambayo mkono unashika mbao iliyo chini ya mtutu, unaivuta nyuma na kuirudisha, na risasi nyingine imeshaingia. Modeli iliyovuma ya namna hiyo, 760, ilitoka 1952, na Pennsylvania iliipenda kuliko mahali pengine, kwa sababu sheria ya jimbo imekuwa ikikataza bunduki zinazojipakia zenyewe kwa kulungu, na mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuzifuatanisha risasi za bunduki hii haraka vilevile. Wenyeji wanaiita bombomu ya Waamishi, kwa heshima ya majirani zetu wapanda mikokoteni ya farasi wasiotumia mashine za umeme. Jirani alinipeleka uwanja wa shabaha akaniazima. Ilikaa mikononi mwangu vizuri kuliko zote nilizoshika, lakini sikusema kitu, maana kumsifia mtu bunduki yake huku ni kuchumbia.

Yupo pia mwenzangu wa zamu, Mkongomani wa kutoka Uvira, ambaye muda wote alikuwa akitusikiliza huku akila ugali wake kwenye bakuli la plastiki. Siku moja akaninong'oneza, "Yaya, miye sielewi. Kule kwetu bunduki zilikuwa zinatufuata zenyewe, tena bure. Juu ya nini weye unalipa?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nikamwahidi mguu wa nyuma. Akakubali haraka, akaongeza kwamba yeye hachagui risasi.

Mjomba wangu naye, kwa simu kutoka Sikonge, alitaka kujua kwa nini nisiagize gobore. Babu alikuwa nalo, la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na lilikuwa likikupa nafasi moja tu, kwa hiyo babu hakuwahi kupiga akiwa na shaka. Nikamweleza mjomba kwamba huku nako wapo. Siku inayofuata Krismasi unafunguliwa msimu wa gumegume peke yake, bunduki za jiwe la cheche, kama zile mafundi wa Kijerumani walizokuwa wakizifua hapa hapa Lancaster katika karne ya kumi na nane, na wapo wanaokwenda porini wamevaa ngozi kabisa. Mjomba akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wanazo za kisasa," akasema, "halafu wanaziacha makusudi, wanarudia za babu?" Ndiyo, mjomba. "Na sisi tukiwa nazo wanatuita maskini?" Laini ikakatika.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenisaidia bila kunihubiria. Ni fundi bunduki mzee, mwenye karakana nyuma ya duka la chakula cha mifugo, na nilimwendea nikiwa nimekata tamaa. Nikamuuliza ni za kiwanda gani zinazoharibika sana. Akasema mwezi wa Desemba karibu zote zinazoletwa kwake ni nzima. Kinacholegea ni skrubu za darubini, mtu analaumu mtutu. Kinachoganda ni mafuta, mtu ameyamimina kwenye komeo kwa mapenzi, usiku wa baridi kali yanakuwa gundi, na pini haiigongi fataki kwa nguvu inayotakiwa. Kinachokosekana ni magazini: siku hizi inachomoka, ni kidude kidogo, na kinabaki juu ya meza ya jikoni wakati mwenyewe yuko juu ya mlima saa kumi na moja alfajiri na bunduki ya kupakia risasi moja moja kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akaniambia nikinunua, nikaze skrubu, nifute mafuta, niijaribu kwa risasi zile zile nitakazokwenda nazo, nivute komeo mpaka mkono ulizoee gizani. Nikamwuliza tena, kwa kusihi, kiwanda gani. Akasema chochote, ila kwanza niiweke begani. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia hivyo, na sikumwelewa mpaka nilipofika dukani.

Duka lenyewe lina ukuta mzima wa bunduki, zimesimama kwa safu, nyingi kuliko vitabu vya maktaba ya wilaya. Nikamwambia muuzaji mahitaji yangu kwa ufupi: komeo, plastiki, .308, magazini isiyochomoka kama ipo, na inyamaze nisipoiambia. Akanipa moja. "Iweke begani," akasema. Nikaiweka begani. Akanitazama kwa muda. Kisha akazunguka kaunta akaja kusimama upande wangu wa pili, akatazama tena.

"Wewe ni shoto," akasema.

Ni shoto. Kwetu hilo halitangazwi. Bibi alinizoeza mkono wa kulia kwa kula, kwa kupokea na kwa kusalimia, akishika ufito, na madrasa ikamalizia kazi kwenye kalamu. Lakini hakuna aliyewahi kunizoeza bega, kwa sababu hakuna aliyejua ningekuja kulihitaji. Na katika mahubiri yote niliyosikilizishwa, ya ukucha, ya nati, ya nusu inchi, ya 1964, hakuna mhubiri hata mmoja aliyeuliza natumia bega lipi. Ukuta mzima ule, mikono ya makomeo yote ilikuwa upande wa kulia. Ukipiga kwa bega la kushoto inabidi uachie bunduki, upitishe mkono juu ya darubini, uvute, urudi, na wakati huo kulungu amefika kaunti nyingine. Bombomu ya jirani sasa nikaielewa: ya kuvuta haina upande.

Muuzaji akaenda nyuma. Nikasikia maboksi yakisogezwa. Akarudi na moja lenye vumbi, ndani yake Savage 110 ya mkono wa kushoto, .308, plastiki nyeusi, nati yake shingoni. Wao, akasema, ni wa zamani katika kuwakumbuka watu wa kushoto. Nyingine labda angeipata masika. Sikuuliza inapiga inchi ngapi. Magazini inachomoka, nikanyamaza.

Ikabaki fomu ya serikali, ile ya 4473. Inauliza kama ni wewe mwenyewe unayenunua, kama unatumia bangi, kama wewe ni mtoro unayeikimbia sheria, kana kwamba mtoro angeweka alama ya ndiyo. Inauliza kama umewahi kuukana uraia wa Marekani. Mimi uraia huo sijapewa bado wa kuukana. Nikatoa kadi yangu ya ukaazi, namba ikaandikwa, polisi wa jimbo wakaulizwa kwa mtandao, wakaridhika nami upesi kuliko msimamizi wangu wa zamu. Kisha muuzaji akapiga bei, na bei ikawa juu ya ile iliyobandikwa ukutani kwa bunduki hiyo hiyo. Za kushoto, akaeleza, zinatengenezwa chache.

Mke wangu aliisoma risiti kuanzia juu hadi chini, akailinganisha na karatasi ya matangazo ya duka niliyokuwa nimeiacha mezani. Nikamweleza habari ya mkono. Akasema bibi yangu alikuwa na akili kuliko ukoo mzima. Akakunja risiti, akaitia kwenye kopo la bili, akarudi kwenye sufuria yake. Halafu akageuka na mwiko mkononi.

"Na kuchinja," akauliza, "utachinja kwa mkono upi?"

Nimempigia imamu. Hapokei.